Je, Wajua? Titi, Upasuaji Rekebishi na Barabara ya Tabora

Saratani ya titi ikimpata mwanamke wa Urambo au Sikonge, jambo la kwanza wanaloliwaza ndugu ni uhai wake, na ni haki yao. Lakini kuna jambo la pili ambalo hubaki bila kusemwa: akishapona, akarudi nyumbani na titi moja au bila titi kabisa, ataishi vipi na mwili huo? Madaktari wamekuwa na jibu la swali hilo kwa zaidi ya miaka 100. Mwanamke wa New York huelezwa jibu hilo kabla hajapelekwa chumba cha upasuaji. Mwenzake wa mkoa wa Tabora aghalabu hajawahi hata kulisikia. Safu ya leo imekusanya mambo ya kujua kuhusu jibu hilo, na kuhusu barabara ndefu inayomtenga mwanamke wa magharibi mwa Tanzania nalo.

Je, wajua kwamba titi lililoondolewa linaweza kujengwa upya, hata miaka 10 baadaye?

Kazi hiyo huitwa upasuaji rekebishi, na njia zake kubwa ni mbili. Ya kwanza ni kuweka mfuko wa silikoni au wa maji ya chumvi chini ya ngozi au misuli ya kifua. Ya pili ni kuchukua nyama ya mgonjwa mwenyewe, ya mgongoni au ya tumbo la chini, na kuiumba iwe titi. Inaweza kufanywa siku ileile titi linapoondolewa, au ikasubiri matibabu mengine yaishe. Kusubiri huko hakuna ukomo wa miaka. Mwenye kovu la mwaka 2012 hajachelewa. Hata chuchu hutengenezwa, kwa kukunja ngozi kidogo na kuitia rangi kwa sindano za tatuu.

Yapo yasiyorudi, na ni vyema yasemwe wazi. Hisia za ngozi hupungua sana au hupotea, titi hilo halitoi maziwa, na makovu yatabaki. Lakini blauzi inakaa vizuri, mwili unapata uwiano, na mwanamke halazimiki kujifunika kanga kifuani kila anapokwenda sokoni au kanisani. Wapo wanaoliita hilo anasa. Mimi siamini hivyo. Tunapomfunga mguu wa bandia mtu aliyekatwa mguu, hatumwambii kwamba ametaka urembo.

1895, mwaka wa titi la kwanza

Upasuaji wa kwanza wa aina hii unaojulikana ulifanywa mwaka 1895 na daktari Vincenz Czerny wa Heidelberg, Ujerumani. Alikuwa amemtibu mwanamke mmoja, msanii wa jukwaani, kwa kumtoa uvimbe, na titi likabaki na pengo. Mgongoni mwanamke huyo alikuwa na uvimbe mwingine, wa mafuta, usio na madhara. Czerny akautoa, akaupandikiza mahali penye pengo.

Tabora wakati huo ilikuwa mikononi mwa Wajerumani haohao. Ilikuwa imepita miaka miwili tu tangu Isike, mtemi wa Unyanyembe, ajilipue kwa baruti ndani ya ngome yake Januari 1893 badala ya kukamatwa akiwa hai. Bendera ya Ujerumani ilifika Unyamwezini mapema. Elimu ya Heidelberg haikupakiwa kwenye mizigo yao.

Na ukirudi nyuma zaidi, utakuta saratani ya titi imekaa katikati ya historia nzima ya upasuaji. Nusukaputi ya kwanza iliyoandikwa kwa uhakika duniani ilitolewa Japani mwaka 1804 na Hanaoka Seishū, aliyemnywesha mgonjwa wake dawa ya mitishamba akalala usingizi mzito. Ugonjwa aliokuwa akimpasulia ulikuwa saratani ya titi.

Misuli inayovuta kamba kisimani

Weka mkono wako nyuma ya kwapa, kisha vuta kitu kizito kuelekea kwako. Utaisikia misuli mipana ikikaza. Inaanzia kiunoni, inatandaa sehemu kubwa ya mgongo na kupanda hadi kwapani. Ndiyo inayofanya kazi mtu anapovuta kamba ya ndoo kisimani.

Mwaka 1906 daktari Mwitaliano, Iginio Tansini, alieleza namna ya kuitumia misuli hiyo kuziba kifua kilichoondolewa titi. Daktari hukata sehemu ya misuli pamoja na kipande cha ngozi kilicho juu yake, chenye umbo la jani, lakini haligusi shina lake la kwapani ambako mshipa wa damu unaingilia. Kisha hupasua njia chini ya ngozi ya kwapa, akakipitisha kipande hicho taratibu hadi kikatokea mbele, kifuani. Kimehama, lakini bado kinanywa damu kutoka mshipa wake wa asili. Hakuna mshipa uliokatwa na kuunganishwa tena, kwa hiyo daktari hahitaji hadubini. Mgongoni hubaki kovu refu ambalo mkanda wa sidiria unaweza kulifunika.

Njia hii baadaye ilisahaulika kwa miongo kadhaa. Daktari aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote katika upasuaji wa titi zama hizo, William Halsted wa Baltimore, Marekani, alipinga kurekebisha kifua, na wengi wakamfuata. Hofu ya wakati ule ilikuwa kwamba nyama mpya ingeficha saratani ikirudi. Ilipofufuliwa miaka ya 1970, ilionekana hofu hiyo ilikuwa imekuzwa mno: wanawake waliojengwa titi hawafi zaidi kwa saratani kuliko wasiojengwa.

Nimekaa kwenye njia hii kwa sababu naiona ndiyo ya kuzungumzwa kwanza tunapoitaja Tabora. Inahitaji daktari aliyefundishwa vizuri, mtaalamu wa usingizi, damu ya akiba na wauguzi makini. Haihitaji mashine ambazo mafundi wake wako ng’ambo. Kasoro yake ni kwamba bega hupoteza sehemu ya nguvu zake, na mwanamke anayelima kwa jembe la mkono na kuteka maji ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajakubali.

Uzi mwembamba kuliko unywele

Njia inayosifiwa zaidi leo katika nchi tajiri ni ile ya kuchukua ngozi na mafuta ya tumbo la chini bila kuchukua misuli. Msingi wake uliwekwa Japani na Isao Koshima mwaka 1989, na Robert Allen akaipeleka kwenye titi huko Marekani miaka ya 1990. Hapa kipande hutenganishwa kabisa na mwili, kisha mishipa yake, yenye upana wa milimita 2 au 3, hushonwa kwenye mishipa ya kifuani kwa uzi mwembamba kuliko unywele, daktari akitazama kupitia hadubini. Huchukua saa 6, 8 au zaidi.

Ugumu hauishi hapo. Usiku wa kwanza muuguzi hulitazama titi jipya kila saa: lina joto? Rangi yake ikoje? Mshipa unasikika? Damu ikiganda ndani ya mshipa, mgonjwa lazima arudishwe chumba cha upasuaji ndani ya saa chache, la sivyo kipande chote kinakufa. Umeme ukikatika usiku ule, au muuguzi mmoja akiwa na wodi ya wagonjwa 40, kazi ya mchana mzima inapotea.

Je, wajua kwamba titi la silikoni huhitaji safari nyingi za kliniki mbali na upasuaji wenyewe?

Wengi hudhani mfuko wa silikoni ndio njia rahisi. Ulianza kutumika mwaka 1962 huko Houston, Marekani, na ni kweli kwamba upasuaji wake ni mfupi. Lakini baada ya titi kuondolewa, ngozi iliyobaki mara nyingi haitoshi kuufunika. Hivyo daktari huweka kwanza puto tupu chini ya misuli. Kila baada ya wiki 1 hadi 3 mgonjwa hurudi kliniki, akachomwa sindano ya maji ya chumvi kwenye kizibo cha puto, ngozi ikatanuka kidogo. Hilo huendelea kwa miezi kadhaa. Kisha anapasuliwa tena, puto likatolewa na mfuko wa kudumu ukawekwa. Mfuko huo nao hauhesabiwi kuwa wa maisha. Unaweza kupasuka au kukazwa na kovu, na ukahitaji kubadilishwa.

Sasa mfikirie mkulima wa Kaliua ambaye kliniki yake iko Dar es Salaam. Kutoka Tabora mjini hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 840 kwa reli, na Kaliua iko mbele zaidi, upande wa Kigoma. Kila sindano ya dakika 20 ni nauli ya kwenda na kurudi, ni mahali pa kulala, ni chakula, ni ndugu wa kumsindikiza, ni siku ambazo shamba halina mtu.

Miezi mitatu kwa miguu

Zamani umbali huo ulihesabiwa kwa miezi. Wapelelezi Burton na Speke walitumia zaidi ya miezi 4 mwaka 1857 kutoka pwani hadi Kazeh, jina la zamani la Tabora. Mpelelezi mwingine, Stanley, mwaka 1871 alitumia kama miezi 3 kutoka Bagamoyo. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba mizigo ya frasila mbili mabegani, ndio walioijua njia hiyo kuliko mtu yeyote. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na miezi ikageuka kuwa siku. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na reli hiyo mpya inaelekea Tabora.

Huko Kwihara, nje kidogo ya mji, bado lipo tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Huwa tunakumbuka kwamba alikuwa mmisionari na mpelelezi wa nchi, tukasahau kwamba alikuwa daktari. Baada ya Stanley, aliyekuwa naye, kuondoka mwezi Machi, daktari huyo alikaa hapo hadi Agosti akisubiri watu na vifaa kutoka pwani. Hali hiyo ya daktari aliyepo na vifaa visivyofika, wauguzi wengi wa vijijini wataitambua.

Yupo mwingine aliyepita njia za misafara na ambaye hatajwi vya kutosha. Adrian Atiman alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Mali, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na mapadre wa White Fathers, akasomea utabibu Malta. Alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akawatibu watu wa huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Zaidi ya miaka 60, katika pembe ya nchi ambayo wataalamu wengi hata leo wakipangiwa huomba uhamisho. Jina la Atiman lilistahili kuwa kwenye vitabu vya darasa la nne.

Wanaohitaji upasuaji mgumu ndio walioko mbali

Hili ndilo jambo lililonishika kuliko yote nilipokuwa nikikusanya habari hizi. Tathmini ya huduma za saratani ya titi Tanzania iliyotolewa mwaka 2017 ilionyesha kwamba takriban wanawake 8 katika kila 10 hugundulika ugonjwa ukiwa hatua ya 3 au ya 4. Hatua ya 3 kwa kawaida humaanisha kuondolewa titi lote, na mara nyingi kupigwa mionzi kifuani. Na ngozi iliyopigwa mionzi haielewani vizuri na silikoni: kovu hukaza, kidonda hukataa kufunga, mfuko husukumwa nje. Mgonjwa wa namna hiyo hufaa zaidi kujengwa kwa nyama yake mwenyewe, yaani kwa upasuaji mrefu na wa kitaalamu zaidi.

Mwenzake aliyegunduliwa mapema, aliye karibu na hospitali kubwa, mara nyingi hutolewa uvimbe tu na titi lake likabaki. Kwa hiyo umbali humwadhibu mwanamke mara tatu. Humchelewesha kugundulika, humnyima nafasi ya kubaki na titi lake, kisha humweka mbali na upasuaji wa pekee unaomfaa.

Mkoa wa Tabora una watu 3,391,679 kwa sensa ya 2022, na eneo la kama kilomita za mraba 76,000, kubwa kuliko mkoa mwingine wowote Tanzania. Hospitali ya rufaa ya mkoa ni Kitete, mjini Tabora. Ipo pia Nkinga, wilayani Igunga, hospitali ya rufaa ya Kanisa la FPCT. Kwa saratani, mgonjwa huelekezwa Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Taasisi ya Ocean Road ilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996, na kwa miaka mingi ndiyo pekee iliyokuwa na mashine za mionzi nchini, hadi Bugando nayo ilipozipata. Mabingwa wa upasuaji rekebishi wanahesabika, na wengi wako miji mikubwa.

Je, wajua kwamba “madaktari wa ndege” walianzishwa na mabingwa wa upasuaji rekebishi?

Shirika tunaloliita Amref lilianza mwaka 1957, na waanzilishi wake watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, wote walikuwa madaktari wa kurekebisha maumbile. McIndoe alijulikana kwa kuwajenga upya nyuso na mikono marubani wa Uingereza walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia. Mpango wa Amref uliwekwa katika shamba la Wood, chini ya Mlima Kilimanjaro. Walichokuwa wamekiona ni kwamba watu wa vijijini Afrika Mashariki waliungua, wakararuliwa na wanyama na kuzaliwa na midomo iliyopasuka, na mkono wa kuwarekebisha ulikuwa Nairobi. Wakaona ni afadhali daktari ndiye apande ndege.

Wazo hilo halijafa. Timu za midomo sungura bado husafiri hadi hospitali za mikoani. Dar es Salaam, madaktari wanawake wa Reconstructing Women International wamefanya kazi na Hospitali ya Aga Khan kuwafanyia wanawake upasuaji rekebishi, hasa walioungua. Chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa 1999 na chenye makao yake Arusha, hufundisha upasuaji rekebishi bila kumlazimisha daktari kuhamia Ulaya. Titi halijapata msafara wake wa kudumu. Kambi za mdomo sungura hufaulu kwa sababu upasuaji ni mfupi na mtoto huruhusiwa haraka. Titi linataka ufuatiliaji, na kwa hiyo linataka daktari anayebaki.

Tumbaku na asali

Tumbaku ya Urambo ilianza kushika kasi baada ya mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza kuanguka mwanzoni mwa miaka ya 1950. Leo inajenga nyumba na kusomesha watoto mkoani. Ila nikotini iliyomo ndani yake ni adui wa upasuaji rekebishi: hubana mishipa midogo ya damu, na kipande cha nyama kilichohamishwa hakiishi bila damu. Ndiyo maana madaktari humtaka mgonjwa aache tumbaku walau wiki 4 kabla. Na nikotini haiingii kwa moshi tu. Wavunaji wanaoshika majani mabichi yenye umande huinyonya kwa ngozi, wakapata kichefuchefu na kizunguzungu. Mgonjwa wa Tabora anapoulizwa kama anavuta sigara, angeulizwa pia kama yuko kwenye mavuno.

Asali ya Tabora, ya misitu ya miombo, nayo ina nafasi yake, ingawa ndogo kuliko inavyotangazwa vijiweni. Asali huua bakteria kwa sababu ina maji kidogo mno na hutoa haidrojeni peroksaidi inapokutana na unyevu wa kidonda. Hospitali hutumia asali iliyosafishwa kwa mionzi kufunga vidonda, pamoja na vile vya titi lililopasuka kwa saratani. Inapunguza harufu na uchafu. Haitibu saratani hata kidogo, na mwanamke anayekaa nyumbani miezi 6 akipaka asali uvimbe anapoteza ile miezi 6 ambayo ingemwokolea titi.

Sheria ya kumwambia mgonjwa

Marekani, nchi yenye hadubini na madaktari tele, iligundua kwamba utaalamu pekee hautoshi. Mwaka 1998 ilipitisha sheria kwamba bima inayolipia kuondolewa titi lazima ilipie pia kulijenga upya, kulisawazisha na lile la pili, au titi la bandia. Bado wanawake wa vijijini, wanawake Weusi na wenye bima dhaifu waliendelea kuachwa nyuma. Sababu mojawapo ilikuwa nyepesi kuliko zote: hawakuambiwa. Jimbo la New York likatunga sheria nyingine, iliyoanza kazi 2011, inayozitaka hospitali zimweleze mwanamke kuhusu upasuaji rekebishi kabla ya titi kuondolewa, na zimwelekeze pa kuupata kama hazina.

Huku kwetu, CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya afya ya jamii, ilipoanza mwaka 2018, kaya ya watu 6 mikoani ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka, ikahudumiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Yaani kadi ilimfikisha mtu Kitete, ikaishia hapo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na ni katika kanuni na vitita vyake ambapo huamuliwa kama upasuaji rekebishi unalipiwa. Naomba wanaoviandika wakumbuke kwamba hata pale matibabu yanapopata msamaha, nauli haina msamaha.

Na nauli si fumbo lisilo na jawabu. Mwaka 2009 hospitali ya CCBRT, kwa kushirikiana na Vodacom, ilianza kuwatumia wanawake wenye fistula ya uzazi nauli kwa M-Pesa. Balozi wa kijijini akimtambua mgonjwa, hupiga simu, fedha huingia kwenye simu ya balozi, tiketi hukatwa, mgonjwa hupokewa afikapo. Fistula nayo ni upasuaji wa kurekebisha mwili wa mwanamke ambaye jamii ilimzoea akiwa amejificha. Utaratibu uleule ungeweza kumbeba mwanamke aliyeondolewa titi.

Titi la uzi

Kwa asiyetaka au asiyeweza kupasuliwa, lipo titi la bandia la kuvaa. La silikoni ni ghali na lina joto. Mwaka 2011 mwanamke mmoja wa jimbo la Washington, Barbara Demorest, alianzisha mpango wa kufuma matiti ya uzi wa pamba na kuyagawa bure, na wazo likaenea nchi nyingi. Thika, Kenya, fundi aliyepona saratani huyafuma dukani kwake, na amewafundisha wenzake.

Fundi yeyote wa Tabora anaweza kutengeneza la kitambaa. Kata vitambaa viwili vya pamba laini vya duara, kimoja kiwe kikubwa kidogo, ukitie marinda ya uzi ukingoni ili kitune. Shona kuzunguka, ukiacha tundu la kujazia. Jaza pamba au sufi, kisha ndani kabisa weka kifuko kidogo cha mtama mkavu, ukipima mkononi mpaka ulingane na titi lililobaki. Uzito huo si pambo: mwenye titi kubwa upande mmoja tu anaweza kuishia kuinama upande, akaumwa shingo na mgongo. Kifuko cha mtama kitolewe kabla ya kufua. Sidiria ishonewe mfuko kwa ndani, titi lisihame mtu anapoinama kupalilia.

Wapo pia wanaochagua kubaki bapa. Uchaguzi huo unastahili heshima sawasawa, mradi uwe uchaguzi. Hata hao wana haki ya kovu lililolazwa vizuri, lisilo na mikunjo inayokwaruzwa na nguo.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

Kabla ya kutia sahihi au dole gumba kwenye fomu ya upasuaji, mgonjwa au ndugu yake anaweza kuuliza: Je, lazima titi lote litoke? Nitapigwa mionzi baadaye? Ngozi ya kutosha itabaki? Baadaye nikitaka kujengwa titi, nitaandikiwa rufaa ya wapi? Hakuna swali kati ya hayo linalomvunjia daktari heshima. Akishapasuliwa, aombe nakala ya majibu ya patholojia na ya karatasi ya kuruhusiwa, azifunge kwenye nailoni, aziweke pamoja na vyeti vyake vingine. Daktari wa upasuaji rekebishi atakayemwona miaka 5 au 15 baadaye ataanzia hapo: ilikuwa saratani ya aina gani, hatua ya ngapi, na kifua kilipigwa mionzi kiasi gani. Kwa majibu hayo ndipo ataamua kama atatumia silikoni, nyama ya tumbo, au ile misuli mipana ya mgongoni.